Nani Alipimiwa Siti ya Nyuma?

Pikipiki yenyewe ni ndogo, injini ya cc 125, ila ina mbwembwe za pikipiki kubwa: tangi lenye umbo la tone la maji, usukani uliopanda na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe, siti iliyokatwa ngazi mbili, ya dereva chini na ya abiria juu. Imeundwa China, lakini babu yake ni Mjapani, Suzuki GN125 iliyotoka mwaka 1982. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akitembea nayo peke yake. Mimi sina mpango huo. Kila baada ya wiki kadhaa namchukua mama yangu kutoka Bombambili, nampeleka hospitali ya Peramiho, kilomita kama 24 kutoka Songea mjini, na mama amekwisha kutamka kwamba chombo changu kinamkalisha kama kuku ndani ya tenga.

Basi nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Lizaboni, aifanye iwe ya watu wawili. Nilifika saa nne asubuhi nikidhani saa tano nimeondoka. Mvua ikaanza, na mvua ya Januari ya Songea haina haraka. Chini ya bati la fundi wakajaa waliokimbia kulowa: kijana wa yeboyebo, kama tunavyowaita hapa kwetu madereva wa bodaboda, mama mmoja muuza dagaa wa Nyasa na beseni lake, na mwalimu mstaafu wa sayansi aliyekuwa akipita tu. Kila mmoja alikuwa na neno. Nimeyapanga maneno yao kwa mpangilio wangu, na matusi mawili matatu nimeyaacha palepale bandani.

FUNDI: Kabla sijagusa spana, nieleze kaka. Unataka nini hasa?

MIMI: Mambo matatu. Siti ya nyuma uijaze sponji iwe kochi. Unichomelee egemeo la mgongo, lile la bomba lenye kimto. Na nyuma ya egemeo kariya, maana mama hasafiri bila kapu.

FUNDI: Egemeo likae wapi?

MIMI: Mwisho wa siti. Si ndipo mgongo ulipo?

FUNDI: Njoo usimame ubavuni hapa. Ekseli ya nyuma ile pale. Panda nayo kwa macho mpaka juu kwenye siti. Umeona? Mwisho wa siti umeshaipita ekseli kwa kiganja kizima. Mama akijiegemeza, uzito wake unakaa nyuma ya gurudumu. Halafu unamwongezea kapu mgongoni. Mwulize mwalimu hapo itakuwaje.

MWALIMU: Wenzo hiyo. Nimeichora ubaoni mpaka chaki zikaisha: egemeo, mzigo, jitihada. Gurudumu la nyuma ndilo egemeo. Mzigo ni mama na kapu lake. Na gurudumu la mbele ni ule upande mwepesi wa bembea. Wewe umekuja kutafuta egemeo, kumbe unalo, tena liko mahali pake.

Walicheka wote. Mimi nilicheka kwa adabu.

DEREVA: Shikamoo mwalimu, lakini hilo gurudumu halinyanyuki. Mimi kariya yangu inabeba gunia kila siku na nafika.

MWALIMU: Marahaba.

FUNDI: Halinyanyuki, kweli. Linakuwa jepesi. Linagusa barabara lakini haliishiki. Kwenye tambarare huwezi kujua. Utajua siku unapinda mlimani, kuna mchanga kidogo, usukani umeshaugeuza na pikipiki inaendelea na safari yake.

MIMI: Mbona Wamarekani wanaweka? Nimewaona kwenye filamu, mwanamke ameegemea kama yuko sebuleni.

FUNDI: Zile pikipiki zina kilo mia tatu, kaka. Yako haifiki mia na ishirini. Wewe una kilo ngapi?

MIMI: Sabini na mbili.

FUNDI: Na mama?

Nikakisia sitini na tano. Fundi akajumlisha kwa kidole juu ya vumbi la tangi langu, akaandika 137, akaipigia mstari.

FUNDI: Waliopanda ni wazito kuliko kilichopandwa. Sasa egemeo nitakuchomelea ukitaka, lakini litasogea mbele, wima, mama aliguse kwa mgongo asililalie. Kapu utalipakata wewe mbele, juu ya tangi. Na siti siijazi. Naipunguza.

MIMI: Uipunguze tena?

FUNDI: Hii ngazi ya pili imempandisha abiria juu kuliko dereva kwa uzuri tu. Akikaa juu, ukilala kidogo kwenye kona yeye anakuvuta zaidi. Na ukifunga breki anateremka ngazi, anakuja kukukalia mgongoni, na wewe unasukumwa tangini. Sponji nene ndiyo mbaya kabisa. Dukani ukiikalia unasema kochi. Ukifika Likuyufusi imeshalala, na makalio yamekutana na bati.

MAMA MUUZA DAGAA: Mnasema ekseli, ekseli. Na magoti?

Nakiri kwamba mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwangalia yeye. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, beseni miguuni, na ndiye pekee kati yetu anayepanda siti ya nyuma kila siku ya Mungu, alfajiri kwenda sokoni na jioni kurudi.

MAMA: Fundi, ukiishusha siti, vikanyagio umeviacha palepale. Hapo magoti ya huyo bibi yatakuja mpaka kifuani. Atakaa kama panzi. Mtu mzima mwenye magoti ya hospitali, umkunje hivyo mpaka Peramiho?

FUNDI: Kweli. Ukipunguza juu lazima ushushe chini.

DEREVA: Ukishusha vikanyagio vinagusa bomba la moshi upande wa kulia. Na kwenye kona vitakwaruza.

FUNDI: Kona ya mwendo wako wewe, siyo ya mtu aliyembeba mama yake. Lakini bomba la moshi ni kweli. Kulia siwezi kushusha zaidi ya vidole viwili. Labda vitatu, nikivirudisha nyuma kidogo.

MAMA: Na hilo bomba ulivalishe kitu. Tazama hapa.

Alipandisha kitenge kidogo, akaonyesha ndani ya muundi wa kulia kovu la mviringo, jeusi, linalong'aa. Hakuhitaji kueleza. Wanawake wangapi mjini hapa wana muhuri huo huo, mahali pale pale? Kuna kibati chenye matundu kinachofungwa juu ya bomba kuzuia jambo hilo. Hutoka kiwandani na pikipiki, hulegea skrubu, hupotea, na dereva haoni sababu ya kununua kingine kwa kuwa mguu wake hauko pale.

Kutoka kwenye kovu hilo mama akamgeukia kijana.

MAMA: Wewe baba, jana si ndiwe uliyenitoa Majengo? Mgongo mpaka leo.

DEREVA: Barabara, mama. Mvua imeichimba.

FUNDI: Siyo barabara peke yake. Leta pikipiki yako hapa. Haya, angalieni wote. Hii shokapu ina pete yenye ngazi tano. Ya kwanza laini, ya tano ngumu. Yake iko ya ngapi?

DEREVA: Ya tano.

FUNDI: Kulia ya tano. Kushoto ya nne, imeganda na kutu.

DEREVA: Nisikilizeni na mimi basi. Msimu huu asubuhi nabeba mbolea, mifuko miwili, kilo mia. Mahindi yakikauka nabeba mahindi. Nikiweka ngazi ya pili, mzigo unashuka mpaka tairi linasugua madigadi. Saa tano mzigo umekwisha, naanza kutafuta vichwa. Anapanda msichana wa kilo arobaini na tano, anashuka, anapanda mzee wa kilo tisini. Kila kichwa nishuke, nitoe spana, nizungushe kulia, nizungushe kushoto? Abiria mwenyewe ataniacha apande ya jirani. Na jioni bosi anataka hesabu yake, haniulizi shokapu ilikuwa ngazi ya ngapi.

MAMA: Kwa hiyo mimi ni mbolea.

DEREVA: Mama, sijasema hivyo.

MAMA: Mbolea ni kilo mia. Mimi ni hamsini na nane. Umenitoza nauli ya mtu, ukanibeba kwa mpangilio wa mbolea.

Hapo mvua ilizidi, bati likapiga kelele, tukanyamaza kwa lazima. Nilikuwa nimekuja na mawazo ya kuongeza vitu, na sasa naona ugomvi wote uko kwenye pete moja ya chuma isiyozidi upana wa kikombe. Springi iliyokazwa kwa ajili ya kilo mia haiinami chini ya kilo hamsini na nane. Shimo likija, pigo halimezwi na chuma, linapita moja kwa moja mpaka kwenye pingili za mgongo. Springi iliyolegezwa kwa ajili ya mtu mwepesi, ukiipakia magunia, inafika mwisho na kugonga. Kati ya hali hizo mbili pana mzunguko wa mkono, nusu dakika kila upande, kwa ile spana iliyopinda kama ndoano ambayo hutoka na pikipiki mpya na ambayo sijawahi kuona dereva yeyote akiwa nayo baada ya mwezi wa pili. Bure kabisa. Na kwa sababu ni bure, hakuna anayeiuza, wala anayemkumbusha mwenzake.

Lakini kijana naye hakuwa anadanganya. Pikipiki moja inatakiwa iwe lori asubuhi na teksi mchana, na mwenye hiyo pikipiki yuko nyumbani anasubiri hesabu. Kama ni ya mkataba, ile ya kulipa mpaka iwe yako, dereva anakuwa na haraka zaidi, na mwenye mali anakuwa mkali zaidi juu ya kubadilishwa hata nati moja.

MWALIMU: Mnajua kazi hii ilianza na nini? Ilianza na mto.

DEREVA: Mto upi tena, mwalimu? Ruvuma?

MWALIMU: Mto wa kukalia, kijana. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha mpaka huu na huu pana kipande kirefu cha kutembea kwa mguu, na mtu ana mizigo. Vijana wenye baiskeli, zile nyeusi nzito, wakafunga mto kwenye kariya wakaanza kuita abiria: boda, boda! Kariya ya baiskeli ni ya mizigo. Yule wa kwanza aliyefunga mto alikuwa amekubali kwamba anayebebwa hapo sasa ni mtu. Nyinyi mmepewa siti kutoka kiwandani, tena imejazwa, mmeirudisha kuwa kariya.

DEREVA: Mwalimu, wewe ulikuwa unabebwa na baiskeli hizo?

MWALIMU: Nilikuwa nambeba mchumba wangu. Baiskeli yenyewe Phoenix. Alikaa upande, miguu yote kushoto, na nilifunga kitenge chake kwenye kariya mara nne ili kiwe laini. Alikuwa analalamika vilevile.

Suala la kukaa upande lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na sikuliona likija. Pikipiki za India zinazouzwa hapa, Boxer na TVS, hutoka kiwandani zikiwa na wavu wa chuma ubavuni kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, na mara nyingi kibao kidogo cha kukanyagia miguu miwili pamoja. Hapa watu wengi hudhani ni pambo. Si pambo. Ni sheria ya India: kanuni zao za vyombo vya moto za mwaka 1989, kanuni ya 123, zinadai kila pikipiki iwe na pa kushika abiria, pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Waliokuwa wakifikiriwa ni wanawake wa sari wanaokaa upande. Sari haikufika Songea, kitenge kilikuwepo, na kinga ikaja na meli bila maelezo.

FUNDI: Na wewe ya kwako umeing'oa.

DEREVA: Udongo, fundi! Udongo mwekundu wa huku ukishika pale unajaa kati ya wavu na tairi, gurudumu linakuwa zito kama limefungwa breki. Nilikuwa nasimama kila kilomita moja kuuchokoa kwa kijiti.

FUNDI: Hilo nalijua. Masika nimewasaidia wengi kuing'oa.

MAMA: Mmeng'oa kwa ajili ya tope, sawa. Masika yakiisha mnarudisha?

Hakuna aliyejibu.

FUNDI: Lakini mama, na kukaa upande kwenyewe ni hatari. Uzito wote uko kushoto, dereva anapigana na usukani. Na mkono wako haushiki kitu.

MAMA: Nimevaa gauni la kubana, natoka kanisani, nimebeba mjukuu. Nikae vipi, kama mwanajeshi? Usinifundishe kukaa, nifungie chuma cha kushika. Mnatengeneza chombo halafu mnatafuta abiria wa kukitosha. Mimi nipo tayari, nilikuwepo kabla ya pikipiki.

Kwa hili nilikuwa upande wa fundi kwa kichwa na upande wa mama kwa yote mengine, na bado niko hivyo. Kukaa kwa kutanua miguu ni salama zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mwanamke wa kitenge hatakoma kupanda kwa sababu sisi tumemshauri suruali. Atapanda vilevile, bila wavu na bila pa kushika.

Kwa pikipiki yangu waliafikiana upesi: kibati cha kinga kushoto kitafungwa kwa boliti mbili, kitoke masika, kirudi kiangazi. Na chuma cha kushika kitapita pande zote mbili za siti, si nyuma peke yake, kwa sababu mtu anayeshika nyuma anavutwa nyuma. Taa ya mbele itainamishwa kidogo, kwani nyuma ikishuka yenyewe huanza kuangalia miembe. Juu ya kofia ngumu hapakuwa na mjadala wa maana. Sheria inataka ya dereva na ya abiria, mama muuza dagaa alisema ya kijana inanuka, kijana akasema wanaoivaa ndio wanaonuka, na mimi nikakumbuka mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yaliyoonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Niliyasema. Mama akauliza kama watafiti hao waliivaa ya kijana huyu.

FUNDI: Upepo. Tairi la nyuma unaweka ngapi?

MIMI: Naliminya kwa kidole.

FUNDI: Kidole! Pikipiki za ukoo huu kitabu kinasema mbele 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 mkiwa wawili. Namba nne tu hizo za katikati, na ndizo zinazookoa rimu na njiti.

DEREVA: Kwenye tope upepo mwingi unateleza. Mimi nabaki chini.

FUNDI: Kwenye tope uko sahihi. Ukitoka kwenye tope ukaingia lami na abiria, tairi lenye upepo mdogo linapikwa na joto, na kona linayumba kama limelewa ulanzi. Haya, cheni. Umeikaza lini?

MIMI: Jana. Imekaza vizuri kabisa, haichezi.

Fundi aliweka spana chini. Nadhani kama si adabu angetoka nje kwenye mvua.

FUNDI: Kaa juu yake. Kijana, panda nyuma yake. Mwalimu, iminye cheni kwa chini hapo katikati.

MWALIMU: Kama waya wa gitaa.

FUNDI: Umeikaza pikipiki ikiwa tupu, nyuma imenyanyuka. Mkipanda, mkono wa gurudumu unapanda, na ekseli inakwenda mbali na sproketi ya mbele. Pale ekseli, kiungo cha mkono na sproketi zinapokuwa kwenye mstari mmoja, ndipo cheni imevutwa hadi mwisho. Hapo ndipo upime, mama akiwa amekaa. Icheze sentimita mbili, tatu. Ukiikaza tupu namna hii, kila shimo mtakalopita na mama ni nyundo kwenye beringi ya giaboksi.

Sikuwa na jibu, nikashuka. Tangu ninunue pikipiki hii nimekuwa nikiikaza cheni kila Jumamosi, kwa fahari, nikiipapasa kama mtu anayesuka.

Mvua ilikatika karibu saa saba. Watu wakaanza kukusanya vitu vyao, na mama akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo.

MAMA: Wewe baba mwenye pikipiki. Umewahi kukaa nyuma yake?

Sikuwahi. Ni pikipiki yangu, nikae nyuma nimwachie nani mbele? Wakanicheka, kijana akachukua ufunguo, tukaondoka na barabara ya Ruhuwiko kisha tukaacha lami tukaingia mtaani kwenye makorongo.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mikono haina pa kwenda. Nilimshika kijana mabega, nikaona aibu, nikashika ukingo wa siti, vidole vikakutana na pini za kitambaa. Cha pili ni kwamba nilikuwa sioni. Mbele yangu kulikuwa na kofia tu. Dereva analiona shimo, anabana mapaja, ananyanyuka kidogo, mwili wake umejiandaa. Abiria habari za shimo anazipata mgongoni. Shimo lile lile, barabara ile ile, mbele ni mtikisiko na nyuma ni rungu. Kila alipogusa breki niliteremka ngazi ile ya siti kama mtoto kwenye mteremko wa michezo, nikamkalia, kisha nikapanda tena kwa kujikokota. Magoti yalikuwa karibu na mbavu. Na kule nyuma ya ekseli, ambako nilitaka kumchomelea mama yangu egemeo, nilijaribu kurudi kidogo tulipokuwa tukipanda kurudi Lizaboni, na nikasikia kijana akisema bila kugeuka: "Kaka, sogea mbele, usukani unaelea."

Hatukwenda hata kilomita tatu. Peramiho ni ishirini na nne, na kurudi.

FUNDI: Haya. Siti tunaijaza kuwa kochi?

MIMI: Ikate.

FUNDI: Siikati.

MIMI: Si ndiyo uliyokuwa unasema tangu asubuhi?

FUNDI: Nilisema ipunguzwe. Ipunguzwe kiasi gani? Vikanyagio nishushe vidole viwili au vitatu? Wewe una miguu mirefu kama korongo. Nikikata kwa kipimo chako, nimetengeneza siti ya nyuma ya wewe, na wewe hukai nyuma. Mlete mama.

MIMI: Mama yuko Bombambili. Na pikipiki hii hapa umeshaanza kuifungua.

Kweli, wakati tunabishana alikuwa amekwisha kulichomoa gurudumu la nyuma, na cheni imelala kwenye beseni la mafuta ya taa.

FUNDI: Kijana akamlete. Atakaa hapa kwenye siti, nitapima kwa kamba, goti mpaka kisigino, dakika tano tu. Halafu atamrudisha.

MIMI: Twende wote basi, nimweleze.

MWALIMU: Kwenda mtakuwa wawili. Kurudi mtakuwa watatu. Mishikaki hiyo, na mnapita mbele ya trafiki.

Nikampigia mama simu. Hakufurahi. Alitaka kujua kwa nini pikipiki inapimwa kama gauni, na ni kijana gani huyo anayekuja, na kama anakimbia. Nikamwambia hakimbii. Nikakubaliana na kijana buku mbili kwenda na kurudi. Mama muuza dagaa alikuwa amekwisha kujitwika beseni, lakini hakuondoka. Alisimama pembeni akimtazama kijana anavyovaa koti.

Kijana akawasha. Akazima. Akashuka, akazunguka nyuma ya pikipiki yake, akachuchumaa mbele ya shokapu ya kushoto, ile iliyoganda.

DEREVA: Fundi, hiyo spana ya ndoano unayo hapo karibu?

FUNDI: Ninayo. Na mafuta ya kulainisha kutu, ukitaka. Ya nini?

DEREVA: Ni kwa hii safari moja tu. Kaka, mama yako ulisema ana kilo ngapi?